Maneno Yenye Nilitia mu Kitabu ya Kobe

Jumatatu, 6/8/2001. Butembo

Kontena ya papa Malachie ilifika leo! Camionnette tatu na bamoteur kumi na mbili, byote bya mitumba, occasion ya Japani. Papa Malachie, patron wangu, anaangaliaka bamoteur. Miye naangaliaka chini ya biti. Na leo—kitabu namba 11! Ilifinywa chini ya kiti ya dereva, na mafuta kidogo ku kona. Nilipiga kelele mpaka papa Malachie alifikiri ni nyoka.

Donc sasa tuko na bitabu kumi na moja. Inabakia 9 na 13. Ni bitabu bya mapicha, binakuyaka mu motokari toka bandari moja inaitwa Kobe. Jina tulipata, kwa herufi ya kwetu, ku karatasi ya matangazo, mu namba 4: duka moja pembeni ya maji, bitabu mpaka ku plafond, na batu bamepanga mulolongo, bamevaa bagants nyeupe juu ya kushika kitabu. Bagants! Sadrack, wa nyumba ya pili, njo alisema na siye tufanye sawa bale. Kunawa mikono na Omo. Kufunika kila kitabu na plastiki. Hapana kulamba kidole juu ya kugeuza ukurasa. Yaya Mathe, kaka yangu mukubwa, anatuchekaka, eti tunachunga karatasi sawa hostia.

Kijapani, zéro. Basi mu mabulle, fasi batu ba mu picha banasemea, miye njo najazaka maneno na Bic. Sadrack anasema histoire bila fasi tunajua haina utamu. Leo ku namba 8, yule chef wa jicho moja, nilimusemesha: «Jumamosi kiisha misa tunaingia Beni. Tunapita Bungulu. Tuko makumi ine.» Nilicheka peke yangu sawa mujinga.

Nageuza karatasi. Upande huu sicheke.

Yaya Mathe alienda. Asubui, na koti ya marehemu papa. Anasema ku Mayi-Mayi, bale banapigana na basoda mu pori, kuko kazi ya mwanaume, hapa tunangojea tu kufa. Aliniapisha nisiseme. Mama anafikiri eko Mabalako kwa noko, ndugu yake mama, kuvuna kahawa. Aliniuliza kama Mathe alibeba shuka. Nikasema ndiyo, mama. Naandika hapa sababu siko na mutu wa kuambia.

Jumatano, 8/8

Namba 9 imeonekana! Iko kwa dada moja, Élise, kule Beni, kartie ya Bungulu, na yeye anachungaka bitabu. Atatuazima juma moja, kama na siye tunamuazima moja. Alichagua 8.

Sadrack akaifunika na plastiki mbili. Mbele ya kupanda pikipiki kuipeleka Beni, akasema: tena, uliona? Namba ya ukurasa inaanzia upande wa kuume. Nikaangalia. Eh Nyamuhanga! Miaka mbili tunasoma toka ku mwisho! Yule chef wa jicho moja, mwenye nilifanya adui, kumbe eko anaokoa batoto mu moto. Tulicheka mpaka machozi. Nikasema acha nifute mabulle, niandike upya. Yeye eti Bic haifutike, Jokébed. Nitarudi kesho.

Akaenda.

Alhamisi, 9/8

Hakurudi.

Ijumaa, 10/8

Abdias, dereva wa camion, alikuya ku magasin, duka yetu, kutafuta filtre ya moteur. Alikuwa anaelezea papa Malachie, si miye. Ku barrière ya basoda, ya kuingia Beni, balishusha kijana wa Butembo na kitabu ya mashetani. Basoda balianza na kucheka, banapashana kitabu. Kiisha ikafika kwa mumoja mwenye anajua kusoma. Ule hakucheke.

Filtre ilinianguka. Jumamosi kiisha misa. Kesho ni Jumamosi!

Mama yake Sadrack alipita jioni kuniuliza kama niko na habari. Nikasema hapana. Siku hizi nasema tu uongo kwa bamama.

Jumamosi, 11/8

Nilikaa siku muzima pembeni ya phonie ya papa Malachie, redio yake ya kusemea na Beni. Beni soko imefungwa. Basoda beko mu mashimo Bungulu toka asubui, na bunduki, banangojea batu makumi ine. Batu makumi ine! Balitoka mu kichwa yangu, nilibahesabu miye mwenyewe!

Niliomba rozari tatu hakuna mutu apite kule, ata mutu wa mbuzi.

Saa kumi na mbili. Ku phonie banasema hakuna kitu. Hakuna mutu alikuya. Asante Yezu! Ilikuwa muchezo, sasa baliona benyewe, bamuachilie.

Jumapili, 12/8

Miye ni mujinga.

Élise alikuya yeye mwenyewe, na camion ya kwanza. Tulikuwa hatujaonana. Mufupi, sauti ya chini, namba 9 mu kitenge. Aliomba maji ya kunawa mbele ya kunipatia. Nikaanza kulia pale pale.

Anasema basoda banasema vile: munaona? Plan ilikuwa ya kweli. Adui baliacha sababu tulikamata mujumbe wabo. Kama balikuya, ni kweli. Habakuye, ni kweli tena! Utajibu nini mutu wa vile?

Sasa banatafuta mwandishi. Sadrack anasema tu ni muchezo, jina hatoe. Balimupiga, mudomo imevimba, Élise alimuona wakati wa kumupelekea chakula. Jumanne saa sita banamupandisha mu gari ya kambi. Élise hakuseme kambi gani. Alisema tu kule batu habarudiake.

Akaniuliza: hakuna kitu inaonyesha ni muchezo? Kitu uliandika mbele, na tarehe?

Nilisema hapana.

Jumatatu, 13/8

Hii naandika ku karatasi ya boîte ya filtre, si mu cahier, daftari yangu ya kila siku.

Kitu iko. Cahier njo hiyo kitu. Tarehe 6: Kobe, mabulle, Bungulu, makumi ine, vile nilicheka. Mutoto wa darasa ya tano anaweza soma na kuelewa. Na mukono ya kuandika ni moja na ya mu mabulle.

Lakini nyuma ya karatasi ile ile iko Mathe.

Karatasi moja! Nikichana Mathe, nachana Sadrack. Nilijaribu kufunika na Bic, nikakaza sana. Ukiweka ku dirisha jua inapita, Mayi-Mayi inasomeka yote. Nikaacha. Bakijua kaka eko kule, batafuata mama ku nyumba. Na yeye Mathe... Miye na akili yangu ya kubana karatasi, kujaza mpaka ku kona sababu cahier ni bei kali! Nani alinituma kuandika?

Papa Malachie anasema kaa hapa, mutoto. Mutu habishane na bunduki. Anasema kweli. Ananipenda, najua. Lakini si yeye alitia ile maneno.

Nilificha bitabu bingine mu caisse ya moteur, chini ya takataka ya mbao. Mama nilimuambia naenda Beni kutafuta pièce ya motokari.

Jumanne, 14/8. Beni, saa tano

Nimekaa ku banc, ku bureau ya basoda, naandika tena ku karatasi ya boîte. Cahier iko chini ya paja yangu.

Mulango iko wazi. Sadrack amekaa chini, bila biatu. Jicho moja imefungika. Namba 8 iko ku meza ya commandant, plastiki imetoka. Commandant analamba kidole, anageuza. Analamba, anageuza. Yezu Maria, karibu nimuambie aache.

Nilisema: ni miye niliandika. Akaniangalia. Eti mapenzi hiyo, kila mukobwa anaweza kusema vile juu ya mwanaume wake. Onyesha kitu.

Nikasema niko na cahier. Mudomo ilisema mbele ya kichwa! Akasema vizuri, ngoja nimalize sigara.

Natoa cahier chini ya paja.

Sadrack aliinua kichwa. Alisikia cahier. Sasa anakataa na kichwa, polepole. Hapana. Hapana. Juu ya nini anakataa? Hajue nini iko ndani, sikumuambia kitu.

Mathe alimuaga na yeye? Kumbe anajua? Kumbe siku hizi zote alikuwa anachunga jina yangu na ya Mathe pamoja?

Sigara imeisha. Commandant anasimama, ananyoosha mukono. Sadrack anakataa tena.

Natafuta tarehe 6, nimupatie.