Feni Ilinguruma Tangu Asubuhi

Shoga, upo? Acha hicho unachofanya. Baba watoto kajiinamia hapa mezani, hata chai hataki.

Unaikumbuka ile laibrari, ile programu ya kusimba mafaili ya wagonjwa yasisomeke na wezi? Bosi wake alisema ya zamani ina tundu, ibadilishwe leo kabla wezi hawajaingia kwenye seva ya hospitali. Kashinda nayo tangu asubuhi, anaingia kwenye seva kwa mtandao kutoka hapa hapa nyumbani. Aliseti, ikagoma. Akaseti upya, akakompaili, yaani akaijenga toka mwanzo, ikagoma tena. Alasiri ndiyo ikakubali, majaribio yote yakapita. Alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Akampigia bosi: "Mkuu, seva yako iko salama." Kwa mbwembwe, shoga!

Bosi akaangalia kwenye seva. Halafu: "Fundi, mbona humu iko ile ile ya zamani?"

Ile ile ya zamani!

Kumbe asubuhi mtandao ulikatika, akatoka kwenye seva bila kujua. Siku nzima anaijenga kwenye kompyuta yake mwenyewe. Hii hii ya hapa mezani!

Na mimi nilimuuliza, wallahi nilimuuliza: "Mbona feni ya hiyo kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga?" Akanijibu, "Kazi nzito hiyo, mke wangu."

Kazi nzito!

Sasa kaanza upya. Sijamcheka, hata nguvu sina. Ila kila mara anaweka kiganja juu ya kompyuta kama anayempima mtoto homa. Akiikuta ya baridi, anajua kazi inafanyika kule kwenye seva, anashusha pumzi.