Kisanduku Nilichokifungia Kabatini

Marahaba, Mwanaisha mjukuu wangu. Hapa Barani sote wazima, ni magoti yangu tu. Umeniuliza kwa nini laptopu yako inajikokota kwenye waifai, na mahojiano ya kazi kwa video ni kesho kutwa. Moyo hautulii.

Utotoni redio yetu ilikaa kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilinong'ona tu. Siku moja nikaiweka dirishani, taarabu ikajaa nyumba nzima. "We mtoto, itaingia vumbi!" mama akanikemea, kisha akakaa akaisikiliza mpaka wali ukaungua.

Basi nilipokuja kukuhamishia Mariakani, kile kisanduku cha waifai nilikifungia kabatini mimi. Nilikionea huruma, kisiingie vumbi. Kitoe, mwanangu, kiweke karibu nawe, hao wa mahojiano wakuone vizuri. Kazi hiyo uipate, hata ikikupeleka mbali nami.

Bibi yako