Mita Sitini za Nanyala

Restuta, nimeharibu.

Leo kwenye fizikia nimewapa kidato cha pili mfano wa hapa hapa. Lori linashuka mteremko wa Nanyala kwa mita 20 kwa sekunde, breki zinapunguza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde kila sekunde. Linasimama baada ya mita ngapi?

Mwanafunzi mmoja, Tumpe, kanyoosha mkono. Hamsini. Nikamwambia safi sana. SAFI SANA, jamani!

Akauliza, "Kwa hiyo mtu akiwa mita sitini mbele, dereva anawahi kusimama?"

Nikasema anawahi kabisa.

"Baba alimgonga bibi mmoja pale kwa lori lake, mita hizo hizo. Alituapia asingeweza kusimama."

Kengele ikalia, akaondoka.

Restuta, nilisahau ile sekunde dereva anashtuka kabla ya kukanyaga breki. Hapo lori limeshakula mita ishirini; jumla sabini, si hamsini.

Tumpe keshafika nyumbani.