Chupa Iliyoandikwa "Mzima"

Dada yangu mpendwa, mkubwa wangu kwa dakika saba,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji, na kwa huyo mgeni aliyemo tumboni. Kichefuchefu kimepungua? Mimi ni mzima, au ndivyo nilivyozoea kusema.

Uliniuliza huku maabara tunahangaika na nini. Kila seli ya mwili, kabla ya kugawanyika, hunakili maandishi yake yote. Uzi wa DNA hufunguka katikati kama zipu, na kila upande hujijengea mwenzake mpya, herufi kwa herufi. Seli ikikosea, kosa jipya mara nyingi husahihishwa palepale. Lakini kosa lililokuwamo tangu mwanzo hunakiliwa kwa uaminifu uleule. Ugonjwa uliomtetemesha mama mikono hadi akashindwa kushika kikombe ndio huo: kipande kimoja kinarudiwa kupita kiasi, kama mwenye kigugumizi.

Wiki iliyopita tulianza kuupima. Hapa kwetu kila fundi mpya hutoa damu yake, ikawekwa kwenye chupa yenye namba na neno "Mzima", tulinganishe nayo damu za wagonjwa. Basi mkuu wetu akatoka na karatasi, uso ameukunja. Alisema chupa mojawapo ya wazima ina kosa lilelile, akaitaja namba yake, na kwamba mwenye namba hiyo amfuate faragha. Wenzangu wakaanza kusingiziana kwa utani. Nami nikacheka nao.

Dada, namba ile ni yangu.

Najua siku tuliyomzika mama uliniapisha nisikuambie kamwe nikijua lolote. Nimekaa na kiapo hicho siku sita, silali, sili. Lakini mimi na wewe tulikuwa yai moja kabla ya kuwa wawili. Nisingeweza kuisoma damu yangu bila kuisoma yako. Huyo mtoto huenda akasalimika, huenda asisalimike, nusu kwa nusu, na daktari anaweza kumpima mapema mkitaka. Yeye hakuniapisha. Naogopa, dada, naogopa sana.

Jumamosi nakuja. Ukinifukuza mlangoni nitaketi hapohapo.

Nisalimie shemeji. Unisamehe kwa mwandiko: hii ni nakala ya tatu, mbili za kwanza nilizichana kwa sababu mkono ulitetemeka, na hii nayo unaiona. Naomba iwe ni hofu tu.

Ni mimi, pacha wako.