Bukari Niliyoshindwa Kuikoroga

Jumapili, mwisho wa Juni. Mvua tangu asubuhi, na joto lile la kunata la kusini mwa China. Nguo nilizofua Ijumaa bado mbichi. Ningekuwa naandika barua ningesema sijambo. Hapa sina wa kumdanganya.

Kesho kutwa nina mtihani wa mwisho, mekanika ya miamba. Tangu juzi nasoma ukurasa uleule. Leo mchana nikafunga daftari nikasema tumbo kwanza: nitapika bukari, ugali wetu, na matembele kama ya nyumbani, mtaani Kapata, na nikishiba akili itarudi.

Matembele hapa si shida, Wachina nao wanayala. Unga wa mahindi upo. Shida ni muhogo. Kwetu Kolwezi, Kongo, Mama huchanganya unga wa mahindi na wa muhogo ili bukari ivutike vizuri. Dukani niliona pakiti yenye picha ya muhogo, nikainunua mbio mbio. Kumbe ni wanga mtupu, ule wa kugandisha. Nilipoumwaga kwenye sufuria mwiko ukasimama wenyewe. Gundi! Ungeweza kubandikia mabango ya uchaguzi.

Nikacheka peke yangu, nikatupa, nikabandika maji mengine. Nikampigia Mama aniambie nifanyeje bila muhogo.

Niseme ukweli: muhogo ulikuwa kisingizio. Tangu Alhamisi sijasikia sauti yake. Mama haandiki. Hutuma sauti, ndefu, na kuku wanalia nyuma yake. Lakini tangu Alhamisi simu yake inaniandikia tu: "Soma kwanza. Shee tuko muzuri." Tata, baba yangu, ana mapafu mabovu, Mama ana presha. Nimekuwa nikijaribu kutoyafikiria hayo yote kwa pamoja.

Aliyepokea ni Mama Kalenga, jirani yetu wa nyumba ya pili.

"Mama yako iko anapumuzika, mutoto wangu. Weye unafanya nini?"

"Niko napika bukari, mama."

Akajibu haraka haraka: "Pika, pika tu. Mahindi peke yake inatosha."

Nyuma yake mwanamke mwingine alipaza sauti: "Leteni sufuria ingine! Ya babaume haiyatosha!" Sufuria ya wanaume? Simu ikakatika.

Ilikuwa saa kumi jioni hapa, saa nne asubuhi Kapata. Saa hizo Mama ametoka misa ya kwanza, yuko jikoni kwake, na jikoni kwake hakuna anayegusa mwiko. Jirani atakuazima chumvi, atakusaidia kufua, lakini mwiko ni wa Mama. Mara moja tu maishani mwangu nimeona majirani wakipika uani kwetu kwa masufuria makubwa, na hiyo ni bibi alipofariki. Mama alikaa mkekani mpaka matanga yakaisha. Kwetu mwenye msiba hapiki. Hupikiwa.

Na nyumbani hatuna harusi.

Maji yakachemka. Nilishika unga nikashindwa kuumimina. Nikimimina, nimesema hakuna kilichotokea. Nikizima jiko, nimekubali kwamba mtu amekufa, na sijui ni yupi. Nikapiga simu tena, na tena, na tena. Haikupokelewa.

Sasa naandika jambo ambalo hata padri sitamwambia. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko la bweni, nikaomba. Sikuomba wote wawili wawe wazima. Niliomba asiwe Mama. Nilijua maana ya ombi hilo, na nikalirudia hivyo hivyo mara nyingi.

Chanda alinikuta hapo. Ni Mzambia wa Kitwe, tunasoma darasa moja, na nilikuwa nimemwalika kula. Akatazama maji yaliyokuwa yakikauka, akatazama unga, akanitazama. Nilimwambia kwa Kibemba changu kibovu kwamba siwezi kukoroga. Hakuuliza kwa nini. Kati ya kwao na kwetu kuna mpaka tu, mengine yote tunafanana. Akanawa mikono, akauchukua mwiko mkononi mwangu, na nilipouachia ndipo nikalia.

Alipika yote. Akasimama karibu yangu mpaka nikameza tonge la kwanza. Bukari yake ilikuwa ngumu kuliko ya Mama. Nilikula.

Tulikuwa bado mezani simu ilipolia.

"Allo, mutoto wangu."

Sauti ya Mama. Imekauka, imechoka, lakini yake.

Nilifurahi.

Nilifurahi kwa moyo wote, kwa muda wa pumzi moja, halafu nikaelewa nimefurahia nini. Tata. Tata aliyekuwa akiniachia ukoko wa sufuria kila siku, akidai meno yake hayauwezi.

Mama alisema ni Alhamisi alfajiri. Walitaka nimalize mtihani kwanza. "Njo ye mwenyewe alisema tusikuambie," alisema. Kisha akauliza:

"Balisema ulikuwa unapika. Ulipika?"

"Hapana, mama. Balinipikia."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Nani?"

"Chanda. Mutoto wa Zambia."

"Umuambie aksanti," alisema, na hapo ndipo akaanza kulia, na mimi nikalia naye.

Kesho sitashika mwiko. Chanda amesema atakuja tena. Kesho kutwa nitaingia kwenye mtihani, kwa kuwa Tata alitaka hivyo. Alikuwa akikata roho akanifikiria mimi. Nami, nitamwambiaje kwamba saa nzima nilikaa sakafuni nikiomba, na sikumwombea yeye?