Kopo la Maji Nyuma ya Mlango

Mama yetu, mimi na mdogo wangu Amisi,

Ninakuandikia asubuhi hii nikiwa nimekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na mjukuu wako amelala mapajani mwangu. Daftari nimeliegemeza kwenye kigoda. Mkono wa kushoto uko kifuani mwake, na kila pumzi ikichelewa kidogo, kalamu nayo inasimama. Unisamehe mwandiko. Ungeuona ungesema kuku amepita.

Ana miaka miwili, na jina lake ni lako. Kwa sababu hiyo hakuna anayethubutu kumwita Zaina humu ndani, tunamwita Kamama. Ulikufa mwaka mmoja kabla hajazaliwa, kwa hiyo hukumwona, lakini ungemjua njiani. Ana paji lako la uso, na ana ukaidi wako: akisema hataki uji, hata wazee waitwe, hataki. Leo hakatai kitu, mama. Namgeuza, anageuka. Namfunika, anafunikwa. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko joto lake.

Ni surua. Mtaa wetu wote umeshikwa. Ilianza kama mafua, macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi, halafu upele ukatokea nyuma ya masikio ukashuka usoni, kifuani, hadi miguuni. Siku wachanjaji walipopita na kipaza sauti chao, mimi nilikuwa Kibombo kufuata mchele wa kuuza, na yeye nilikuwa naye mgongoni. Nilipoambiwa nikasema si kitu, watarudi. Surua ikawatangulia.

Lakini hilo si kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa nitakuambia, na ili nikuambie lazima nirudi nyuma, kwenye ile miezi ambayo wewe na mimi hatukuwahi kuizungumza.

Unakumbuka mji ulipofungwa. Nilikuwa na miaka tisa, Amisi hajatimiza miwili. Askari walikuwa ndani ya mji, wenye bunduki wengine walikuwa porini, na kati yao sisi. Mashamba yalikuwa palepale, lakini aliyekwenda shambani hakurudi, au alirudi bila nguo. Baba alikuwa amevuka mto kwenda Alunguli kutafuta chumvi, na siku hiyohiyo mitumbwi ikakatazwa. Tukawa tunautazama mto ule na ng'ambo yake kama watu wanaotazama nchi nyingine. Tulibaki wanne nyumbani: wewe, bibi aliyemzaa baba, mimi, na Amisi. Tulikula mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, bila mawese, bila samaki. Ndipo surua ikaingia.

Bibi hakukubali tuitaje. Aliiita mgeni. Alitandika mkeka wake mlangoni pa chumba cha Amisi, akatoa sheria. Dirisha lizibwe. Mtoto asioge. Na juu ya yote, mtoto asinywe maji.

"Huyu mugeni hapendi mayi," alikuambia mbele yangu. "Ukimupa mutoto mayi, mugeni anarudi ndani, anaenda kukaa mu macho. Mumuache atoke yeye mwenyewe."

Wewe ulisema tu, "Ndiyo, mama." Ulikuwa mke wa watu, mumeo yuko ng'ambo ya mto, na mwenye nyumba alikuwa bibi.

Amisi alilia maji mpaka sauti ikakauka. Nakisikia mpaka leo kile kilio chake, mama, kilikuwa kimekuwa chembamba kama cha paka mchanga. Na milio ya bunduki ilipoanza upande wa uwanja wa ndege, alikuwa anashtuka mwili mzima, upele na vyote. Wewe ukatoka nje ukachukua mchi, ukaanza kutwanga kinu kisicho na kitu. Tu, tu, tu. Majani ya mihogo ya kupikia sombe, yale ya karibu na nyumba, yalikuwa yamekwisha kuchumwa zamani, kinu kilikuwa kikavu, na wewe unatwanga unapaza sauti: "Amisi, baba, unasikia? Kule wanatwanga sombe. Na siye tunatwanga yetu. Itaiva tu!" Kila bunduki ilipolia, ulipiga na wewe. Alitulia. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kujua kwamba hakuna sombe, na bado mate yalinijaa mdomoni.

Sasa sikiliza nililokuficha. Siku ya pili ya upele, bibi aliondoka mlangoni kwenda msalani. Mimi nikaingia. Nyuma ya mlango, juu ya jiwe, palikuwa na lile kopo lako la bati la buluu lililobanduka rangi mdomoni, limejaa maji, limefunikwa jani la mgomba. Nilijua ni maji yako ya udhu. Wakati ule maji yalikuwa damu: wewe peke yako ulikuwa unashuka chemchemini alfajiri na bidoni la maji kichwani, na siku nyingine wanawake waliotoka pamoja hawakurudi wote. Nilijua vyote hivyo, na nikayaiba. Nilichovya kidole nikampaka Amisi midomoni. Alikinyonya kidole changu kwa nguvu nikaogopa atakikata. Nikamnywesha nusu ya kopo, kidogo kidogo, huku nakusikia nje unatwanga.

Jioni nilikuona umeegemea ukuta wa nyuma, unapapasa udongo kwa viganja viwili na kujipaka usoni na mikononi. Ulikuwa unatayamamu kwa sababu huna maji. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kesho yake kopo lilikuwa palepale limejaa, na mimi nikaiba tena. Na keshokutwa tena. Siku hiyo kando ya kopo palikuwa na kitambaa laini, kipande cha kitenge chako cha harusi. Nikakichovya nikamkamulia mdomoni, na sikujiuliza kimetoka wapi. Mtoto wa miaka tisa haulizi, anashukuru tu kwamba hajakamatwa.

Amisi alipona. Joto lilishuka, upele ukakauka ukaanguka kama maganda. Tukafungua dirisha. Mwanga ulipoingia, bibi akamshika kidevu, akamgeuza kwenye jua, na wote tukaona jicho la kushoto limefunikwa na kitu cheupe.

Bibi hakupiga kelele. Alisema polepole, "Kuna mutu alimupa huyu mutoto mayi."

Nilikuwa nyuma ya jiko. Nilifungua mdomo nitoke niseme, wallahi nilifungua, ndipo nikasikia sauti yako ikisema ni wewe.

"Njo mimi, mama. Njo mimi nilimupa."

Bibi hakukusemesha mpaka mitumbwi ilipofunguliwa. Baba aliporudi alielezwa hivyohivyo. Watu wa ukoo wakiona lile jicho walitikisa kichwa na kukutazama wewe. Ulibeba. Nikajua umenibebea mimi, kwamba uliniona, ukadanganya ili kuniokoa. Nilikuchukulia hivyo miaka yote. Nilipokuosha siku ya maziko yako, nilikuosha na aibu hiyo mkononi. Nilisema kimoyomoyo, mama, ni mimi niliyeharibu jicho la mwanao.

Basi sasa elewa. Kamama alipotoka upele Alhamisi, mimi, mwanamke niliyesoma, mwenye simu, niliziba dirisha, nikamnyima maji. Siku mbili nzima. Alinyoosha mkono kuelekea bidoni akasema "mayi, mama," nami nikamshika ule mkono nikaurudisha. Nilimbeba, nikamwimbia, nikatwanga kinu kama wewe, nikafanya yote isipokuwa lile moja alilotaka. Nilikuwa naliona jicho la Amisi kila nilipofumba macho yangu. Nikasema sitaharibu macho ya watu wawili.

Jana asubuhi nilipoona midomo imepasuka, nilimfunga mgongoni nikakimbilia kituo cha afya. Muganga ni mama mmoja mwenye mvi, hana maneno mengi. Alimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Akamtazama mtoto anavyolia.

"Mama, mutoto analia bila machozi. Anakunywa mayi?"

"Hapana."

"Nani alikukataza?"

Nilimwambia, yote. Kopo, bibi, jicho. Alinisikiliza huku anamnywesha Kamama maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, bila kusimama.

"Mayi haiui mutoto wa surua," alisema. "Kukosa mayi njo kunamuua. Na wakati ile mulikuwa munakula nini?"

"Mihogo."

"Na mawese?"

"Haikukuwa."

"Na samaki?"

"Haikukuwa."

"Basi njala njo iliharibu lile jicho. Haikukuwa wewe." Akakata ncha ya kidonge laini, akamkamulia Kamama matone ya vitamini mdomoni. "Hii njo ya kulinda macho. Rudi kesho kutwa. Kama anapumua mbiombio, ama anatapika yote, usingoje kesho kutwa, kuja hata saa gani."

Nililia pale kwenye benchi, watu wananitazama. Nililia kwa furaha kwa muda mfupi sana, halafu kwa woga, kwa sababu siku mbili zile nilimtendea hivyo mwanangu na hakuna wa kunirudishia.

Mchana nikampigia Amisi. Yuko huko kunakoitwa Kama, anachimba dhahabu. Ana mke, ana mtoto, na jicho lake moja amelifanya mzaha: husema dhahabu inajificha kwa wenye macho mawili, yeye haimuogopi. Nilimwambia kila kitu. Nilitegemea anyamaze, au anitukane. Akacheka, akaniita yaya, dada mkubwa, kama zamani.

"Yaya, kama haukunipa mayi, leo ungekuwa unaongea na nani?"

Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. "Lakini ile mayi uliikuta wapi? Ulikuwa unashuka kuchota?"

"Hapana. Ilikuwa kwenye kopo, nyuma ya mlango."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na nani alikuwa anaijaza?"

Nilibaki na simu sikioni, mama. Nilikuwa naliona lile jani la mgomba lililofunika kopo ili inzi wasiingie. Tangu lini ulikuwa unafunika maji ya udhu? Naona kile kitambaa laini. Naona mgongo wako pale kwenye kinu: kila ulipokuwa unatwanga ulikuwa unaupa mlango mgongo, na hukugeuka hata mara moja. Na naona ule udongo ukutani. Nilidhani nimekuibia maji ya sala. Kumbe ulikuwa umeyaweka pale kwa ajili ya Amisi tangu alfajiri, ili mimi niyakute, ukajipaka vumbi, ukaenda mbele za Mungu.

Nikakasirika, nisikufiche. Nilikaa na hasira mpaka jioni. Mbona hukuniambia? Ulikuwa unanisikia ninavyomkwepa Amisi, ninavyoshindwa kumtazama usoni. Ungesema neno moja tu, miaka yote ile tukichambua mchele wewe na mimi. Labda na wewe uliamini maneno ya bibi. Labda ulikuwa unaona tumeliharibu jicho pamoja, na uliogopa kunikumbusha nusu yangu. Sijui. Wafu hawapigiwi simu.

Lakini nilikuwa nimesahau lile moja. Ulisema. Ulisema mchana kweupe, mbele ya bibi, nami niko nyuma ya jiko nasikia. "Njo mimi nilimupa." Ilikuwa kweli tupu, na mimi nikaiweka moyoni kama uongo kwa miaka ishirini na zaidi.

Mama, bado naogopa. Usifikiri barua hii imeandikwa na mtu aliyetulia. Usiku kucha alikunywa vijiko, akatapika vingine, akanywa tena. Upele umeanza kuwa mweusi, na muganga alisema hiyo ni dalili njema, lakini pumzi zake, ingawa si za mbio, sizipendi, na kesho ya kurudi kituoni iko mbali. Kama wewe uliweza kutwanga kinu kitupu huku risasi zinapita, niazime mikono yako kwa siku hizi mbili.

Dirisha nimelifungua. Kopo lako la buluu ninalo, sikulitupa. Liko nyuma ya mlango juu ya jiwe, limefunikwa. Hakuna bibi wa kumficha humu ndani, ningeweza kuliweka mezani, lakini nimeliweka pale.

Amefungua macho. Yote mawili, mama. Anautazama mlango. Anasema "mayi."

Njo mimi ninayempa,

Binti yako wa kwanza, mama wa jina lako.