Mkungu wa Mama Mkwe na Sola Yangu

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Nishike mkono kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mtu wa msumeno anakuja, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwita.

Mimi ni fundi cherehani, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na nakuandikia nikiwa na furaha, kwa sababu tumeweka sola juu ya paa, Shangazi, sola yetu wenyewe, na nimepata mashine ya kudarizi, ile unaichagulia ua halafu unakaa pembeni unaitazama inavyojituma, na siku ya kwanza nilipoiwasha nilipiga vigelegele peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa, na kweli yupo anayeolewa, kwani nimepewa kudarizi nguo za harusi nzima, bibi harusi, wasimamizi na mama zao, kazi ambayo hata ndotoni sijawahi kuiona. Sasa sikia balaa: fundi wa sola alikuja wakati mkungu wa uani, ule mti wenye majani mapana, umepukutika wote, hauna hata jani la dawa, akapanda ngazi, akatazama, akasema, "Mama, paa lako ni jua tupu, usihangaike," nasi tukashangilia, akafunga paneli zake akaenda zake, na mkungu nao haukukawia, ukachipua majani kama sinia, na tangu hapo jua likishapita utosini kivuli kinapanda juu ya paneli, umeme unalegea, mashine inakata roho katikati ya ua, na jana imeacha waridi nusu kwenye kifua cha gauni la bibi harusi, nikakaa chini nikalia.

Mume wangu, ambaye siku hizi ananiita Mama Umeme, anasema, "Kata tu, mti ni mti, kuliko kuhangaika kuhamishia paneli kule kwenye paa la stoo." Lakini mti wenyewe ni wa mama yake, aliupanda alipoolewa akaletwa hapa, na ndipo anapoketi kila siku baada ya chakula cha mchana ananishonea vifungo na kunipindia nguo, maana ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Sasa hivi yuko kwa wifi yangu, anarudi Jumapili. Nimewaza, akikuta umeshakatwa atanuna wiki mbili halafu yataisha, lakini nikimwuliza kwanza akasema hapana, nitafanyaje na harusi ndiyo hiyo imebisha hodi? Nikate, nisikate?

Fundi wa Maua

*

Marahaba, Fundi wa Maua. Barua yako nimeiweka juu ya zote, na kabla sijakugombeza nikupe hongera, tena hongera sana! Hiyo habari ya vigelegele imenifanya nicheke mpaka chai ikanipalia. Haya, vigelegele vimeisha, sasa nisikilize.

Wewe fundi mzima, ungempima mwenye mimba changa leo, ukamshonea kwa vipimo hivyohivyo gauni la kuvaa akikaribia kujifungua? Basi fundi wako wa sola ndivyo alivyofanya. Aliupima mti ukiwa uchi. Nanyi mnaoishi nao, mnaojua unapukutika na kuchipua, mlikuwa mnashangilia! Kosa la mwenye ngazi msiutwishe mti.

Lakini lililonichoma ni hilo la "anarudi Jumapili". Jibu lake unalijua, ndiyo maana unamvizia mama wa watu akiwa safarini. Eti atanuna wiki mbili! Mwanangu, mti uliomzidi mumeo umri hauoti kwa wiki mbili. Tena umeandika harakaharaka, kama jambo dogo, kwamba chini ya mti huo ndipo anapokushonea vifungo. Nguo za harusi nzima, vifungo vyake atashonea wapi, juani? Kitambaa ukishakikata vibaya unajua mwenyewe kinavyokuwa, na mti huu si wa kununua mwingine dukani.

Kwa hiyo weka gazeti chini, mpigie simu mtu wa msumeno umwambie asije. Ukimaliza, mwite fundi wa sola arudi mchana, kivuli kikiwa juu ya paa, akione kwa macho yake. Mumeo mwenyewe ametaja paa la stoo, na kama linapata jua siku nzima na mbao zake ni imara, paneli ziende huko; itakuwa waya mrefu kidogo na jasho la siku moja, na mumeo asaidie kushika ngazi badala ya kukupa majina. Mpaka hapo, darizi asubuhi, mchana kata na uunge nguo. Kama bado litabaki tawi la kupunguza, atakayelinyooshea kidole ni mama mkwe, si mwingine.

Na Jumapili akifika, mpokee mzigo, mpe maji, mwonyeshe lile waridi nusu. Mweleze yote kwa mdomo wako, hata habari ya msumeno, kabla mumeo hajaropoka. Atakusema, nawe utanyamaza usemwe. Kisha mvutie kiti chake palepale uani, umpe sindano na vifungo, na kivuli chake akikute kipo.